Pale Besi Inapokawia

Mista Dub Killian hakushuka garini. Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya akina Crutcher, akapiga honi mara moja, akateremsha kioo na kungoja. Lavada Crutcher alikuwa barazani akichambua maharage. Alimwona mumewe Ezell akitoka mbio na ndara miguuni, akaenda kuinama dirishani kwa mzungu. Aliinama muda mrefu. Ni mtu mrefu, na mgongo wake uliharibika tangu enzi za kiwanda cha kuyeyusha chuma, lakini mwenye gari hakuona haya kumwacha ajikunje vile, kama mtu anayetafuta senti iliyomdondoka.

Majirani walikuwa wamekwisha kutoka kuchungulia. Katika mji wa Tolliver, huko Alabama, mzungu havuki reli kuja upande wa weusi bila sababu. Akija, amekuja kudai, kukamata au kuomba kura.

Gari lilipoondoka Ezell alirudi, akaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Kuna nini?" Lavada aliuliza.

"Televisheni," alisema Ezell.

Ikabidi amvute neno moja moja. Ule wimbo wa Lonnie Vance, kijana wa kizungu mwenye sauti ya mikwaruzo, waliourekodi majira ya kuchipua katika studio ya Mista Dub, sasa ulikuwa unapigwa nchi nzima. Televisheni ya Birmingham ilimtaka Lonnie pamoja na watu waliompigia. Watu hao walikuwa wanne. Wa gitaa, wa kinanda na wa dramu ni wazungu. Wa besi, lile gitaa la sauti nzito, ni Ezell. Na wadhamini wa kipindi, watengenezaji wa unga wa ngano, hawakutaka mweusi mmoja katikati ya weupe watatu. Si kwamba wana chuki, Mista Dub alieleza, ila simu zitalia. Basi Lyle, mtoto wa dada yake Mista Dub, ndiye atakayeshika besi. Itapigwa santuri na vijana wataigiza tu. Lakini kamera itasogea karibu na vidole, kwa hiyo Lyle lazima ajue pa kuviweka, na ataanza kuja Jumatatu kufundishwa.

"Aje wapi?"

"Hapa."

"Hapa kwangu, Ezell?"

"Studio imejaa wiki nzima."

Nyuma ya mlango wa wavu ilisikika sauti ya Mama Tempie, mamake Lavada, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti yake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Nitoe kile kitambaa cha meza cha sikukuu, au huyu anakuja na cha kwao?"

Ezell alisema kwamba Mista Dub hakuamuru, ameomba tu. Lavada akamuuliza kama amewahi kumkatalia Mista Dub ombi lolote, akarudia maharage yake.

Si kwamba pale studio watu walitendeana vibaya. Mlango ukishafungwa walikuwa kama ndugu, wanataniana, wanaazimana sigara. Tatizo lilikuwa nje ya mlango. Santuri zilitoka bila jina la mpigaji hata mmoja, na kila msikilizaji alisikia rangi aliyoitaka. Weusi wa Chicago waliapa kwamba bendi ile ni ya weusi watupu. Mabinti wa kizungu walionunua picha za Lonnie hawakufikiria kabisa kwamba kuna mtu anapiga besi. Ezell alikuwa akicheka mambo hayo. Alisema besi ni kama msingi wa nyumba, nani anauliza jina la aliyeuchimba.

Lakini msingi huo ndio uliokuwa chakula chao. Noti za Ezell zilikuwa chache na rahisi, hata mtoto angezikariri. Siri ilikuwa katika kukawia. Kila mzunguko, noti ya tatu ilikuja nyuma ya wenzake, imechelewa kidogo tu, kama mama mzima anayeingia kanisani baada ya sala ya kwanza na hana wasiwasi, maana anajua kiti chake kinamngoja. Wapigaji kutoka Memphis na Nashville walikuja Tolliver kuitafuta noti ile. Wengine waliipata mapema mno, wengine ikawapita. Kwa hiyo Ezell aliendelea kukaa kwenye kile kiti cha mbao karibu na dramu, na hakurudi kwenye tanuri la chuma ambako watu wa umri wake walikuwa wanakohoa damu. Lavada alijua vizuri kabisa kwamba siku mtu mwingine atakapoweza kukawia kama Ezell, kiti kitakuwa na mwenyewe mwingine.

"Mfundishe noti," alimwambia wakati wa kula. "Kule kukawia baki nako."

"Hilo nami nimeliwaza."

"Usiliwaze. Lifanye."

Mama Tempie alishauri kijana afundishwe kwa vidole vya kinyume kabisa, ili kila mpiga besi atakayetazama televisheni ajue kwamba mtu yule ni kanyaboya. Ezell alicheka mpaka akapaliwa. Akaahidi kwamba kukawia hatakutoa, hata kwa dawa.

*

Lyle alipita mlango wa mbele. Mama Tempie alikuwa amefua nguo za familia yake miaka kumi na mitano akipita mlango wa jikoni, hata mvua inyeshe, lakini kijana alipanda baraza, akagonga na kuingia huku akivua kofia. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mikono laini, na adabu zote alizofunzwa kwao, ambazo ndizo zilizouma. Alimwita Ezell kwa jina lake tupu. Naye Mama Tempie, kijana alimwita Shangazi, kama wazungu wote wa Tolliver wanavyowaita wanawake weusi wazee, kwa sababu kumwita Bibi Fulani ni kumpandisha cheo.

"Shangazi?" alisema Mama Tempie. "Kaka yangu alikuwa mmoja tu, marehemu Rufus, na sikumbuki kama alizaa mtoto mweupe hivi."

Lyle akawa mwekundu mpaka masikioni, akaketi.

Walikaa jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na soketi ya umeme ya kuchomeka spika. Lavada aligeukia jiko lake. Siku ya kwanza na ya pili mambo yalikwenda kama walivyopanga. Ezell alimwonyesha kijana mahali pa vidole, akampa noti moja moja, na Lyle akazipiga zote sawasawa na dramu, bila kuchelewa hata kidogo. Ulikuwa ule wimbo, lakini umekufa. Lavada alikoroga uji wa mahindi huku akimshukuru Mungu.

Siku ya tatu, Lyle alikuwa amekwisha kuujua wote. Aliupiga mwanzo hadi mwisho, akatazama juu ili asifiwe. Ezell alisema vizuri, hebu rudia. Akaurudia. Lavada aligeuka kidogo akamwona mumewe. Ezell alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuna mchanga ndani ya wali. Kila noti ya tatu ilipofika mapema, bega lake lilishtuka.

Lavada akadondosha kifuniko cha sufuria. Lyle akakatiza, akaanza tena. Lavada akasema mafuta yameisha, Ezell aende dukani. Ezell akaenda, akarudi upesi kuliko alivyowahi kurudi kutoka duka lolote. Lavada akamwambia kijana kwamba kwao watakuwa wanamngoja. Kijana akasema hapana, leo hana haraka.

"Hapana," alisema Ezell ghafla. "Ngoja. Ngoja kwanza."

"Ezell," Lavada alisema.

"Unaikimbilia ile noti. Nani anakufukuza? Piga mguu chini. Mguu, mwanangu, si kidole. Umegusa? Sasa uache utulie. Ukishatulia ndipo upige."

"Ezell, njoo unishikie hii sufuria."

Hakusikia. Alikuwa ameshika goti la kijana wa kizungu kwa mkono wake mzima na kulikandamiza chini kwa mapigo, jambo ambalo lingetosha kumtia matatani kama lingefanyika barabarani. "Mguu. Tulia. Sasa. Mguu. Tulia. Sasa."

Na Lyle akakawia.

Lavada aliisikia mgongoni. Noti ilikuja nyuma, ikaketi mahali pake, ikarudi tena mzunguko wa pili na wa tatu, na hata Mama Tempie kule sebuleni alianza kutikisa kichwa kabla hajajizuia. Ezell alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeona mtoto wake akipiga hatua ya kwanza. Kisha akamwona mkewe amesimama na mwiko, na kicheko kikamfia mdomoni.

Lyle alipoondoka Lavada aliweka mwiko chini.

"Ulisema hutakutoa hata kwa dawa," alisema Lavada.

"Ilikuwa inaniumiza, Lavada. Mtu amemvalisha mwanao shati nje ndani, anakupitia mbele hivyohivyo, utamwacha?"

"Na mimi haikuniuma?"

"Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza," alisema Lavada. "Wanaume wengine wanalewa, wengine wanacheza kamari. Wewe ulevi wako ni kutoa. Umemwaga mtama kwenye kuku wengi, Ezell, nasi bado hatujala."

Alikuwa na hasira kiasi cha kutotaka kulia. Ezell aliinuka akaenda kuzungusha waya wa spika taratibu, kama mtu anayekunja nguo za maiti.

*

Jumamosi ya televisheni watu walijaa sebuleni bila kualikwa. Hilo lilikuwa kosa la Lavada. Miezi ya nyuma alipita kanisani akijigamba kwamba wimbo ule ni wa Ezell, na watu hawakusahau. Alikuja mzee wa kanisa na mkewe, wakaja akina mama watatu wa kwaya na pai ya viazi vitamu. Hakuna aliyeshangaa kumkuta Ezell yupo nyumbani, maana walidhani kipindi kimerekodiwa siku nyingi.

Lonnie Vance alitokea, akaimba akitikisa nywele. Kamera ikasogea kwa mpiga gitaa, ikapita dramu, ikafika kwenye besi na kukaa hapo. Lyle alikuwa amevaa koti la buluu. Alipiga kwa kidole kimoja kama Ezell anavyopiga, amefumba macho kama Ezell anavyofumba, na ilipofika noti ya tatu akakunja mdomo wa chini kwa ndani, vilevile kabisa. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilichukua tu.

"Mtoto kamwibia mpaka mdomo," alisema Mama Tempie polepole.

Mke wa mzee wa kanisa alimgeukia Ezell kwa upole. "Wewe utatokea wimbo wa pili, baba?"

Ezell akasema hapana, mama, wimbo ni huo mmoja. Hakuna aliyeikata ile pai. Walipokuwa wanaaga, kila mmoja alimshika Ezell mkono kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshika mikono ya wafiwa, na Lavada alisimama mlangoni akiwaitikia huku uso unamwaka.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa ustaarabu, na ustaarabu huo ndio uliotisha. Mista Dub alisema Lyle atasafiri na Lonnie, kwa hiyo ni vizuri akizoee kiti pale studio. Ezell atakuwa msimamizi wa besi. Malipo ni yaleyale, kwa sasa. Ezell alikuja nyumbani akasema amepandishwa cheo. Lavada alimtazama, akamwekea chakula tu, kwa sababu mwanamume akiwa amekwisha kujidanganya vizuri hivyo, ukimwamsha ghafla anaweza kuanguka.

Ndipo akaja Corinne Maybry kutoka Chicago. Alikuwa mwimbaji mweusi, mwanamke mnene, mtulivu, mwenye santuri tatu zilizouzwa sana. Aliposikia wimbo wa Lonnie redioni alikuwa amesema mbele ya kampuni yake kwamba mpiga besi yule amelelewa kanisani, tena kanisa la weusi, na kwamba yeye hataimba popote ila mahali alipo mtu huyo. Mista Dub alipaka rangi choo kwa ajili yake.

Siku za kurekodi Lavada hupeleka chakula cha mchana. Mgahawa wa barabarani hauwezi kuwakalisha Ezell na wenzake meza moja, na wenzake, hilo tuwape haki yao, hawakutaka kwenda bila yeye. Basi wote hula sahani za Lavada palepale studio. Alhamisi ile aliingia na kapu lake, akakuta taa nyekundu imewaka. Taa ikiwaka mashine inanasa kila sauti, na mtu akikohoa kazi yote imeharibika. Alisimama ukutani bila kuweka kapu chini.

Bi Corinne alikuwa kwenye kipaza sauti. Kwenye kiti cha mbao, ambacho sasa kilikuwa chake, alikuwa Lyle na besi. Na nyuma ya Lyle, mdomo karibu na sikio lake, alisimama Ezell.

Lavada hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Pale studio hakuna karatasi za noti. Mtu huambiwa wimbo unakwenda hivi, halafu besi yake anaitoa mwenyewe kifuani. Lyle alikuwa na besi moja tu kifuani, na hiyo ilikuwa ya kupewa. Katika wimbo mpya alikuwa ameipiga ileile mara nne, hadi Bi Corinne akauliza kama mpigaji ni mgonjwa. Mista Dub akabonyeza kitufe cha chumba chake cha vioo, akasema, Ezell, hebu msaidie kijana.

Sasa Ezell alikuwa anamsaidia. Alimwimbia noti sikioni kwa mvumo wa chini usiofika kwenye vipaza sauti, kila moja kabla zamu yake haijafika, na Lyle alizipiga kadiri zilivyokuja. Besi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya Lonnie. Bi Corinne aliifuata kwa sauti yake kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwao. Nyuma ya kioo Mista Dub alitabasamu. Na kilichomchoma Lavada kuliko yote, Ezell alikuwa amefumba macho na anafurahi. Hakuwa anadhalilika, au alikuwa anadhalilika na habari hana. Alikuwa anatoa tu.

Lavada alijua taa imewaka. Alijua pia tanuri la chuma liko wapi.

"Ezell," alisema. "Nyamaza."

Hakupaza sauti, lakini kila kitu kilisimama. Mpiga dramu alibaki na kijiti hewani. Taa ilizimwa, na sauti ya Mista Dub ikatoka kwenye spika ya ukutani, ikiuliza nani aliyezungumza, ikajijibu, ikamwomba Lavada kwa adabu aweke chakula chini na asubiri nje.

Lavada hakutoka. Alisimama hapohapo ukutani, kapu mkononi. Hakumtazama Mista Dub. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama, na ilimchukua Ezell muda kurudi kutoka kule alikokuwa, kutazama mkono wake ulio juu ya bega la Lyle, kisha besi iliyo mapajani mwa Lyle.

"Twende tena, jamani," ilisema spika. "Ezell, rudi kwa kijana. Kutoka mwanzo."

Taa ikawaka. Dramu ikahesabu, gitaa likaingia, na Lyle akainamisha sikio na kungoja. Mguu wa Ezell ulikuwa tayari unapiga chini. Lavada aliona noti yenyewe imemfika mumewe kwenye meno, kwa sababu amemjua mwanamume huyo miaka kumi na saba, na alijua inamuuma kuizuia kama mkojo. Hakuwa na neno jingine la kumwambia. Alichokuwa nacho ni kapu. Akatoa sahani, akaifunua, akamnyooshea.

Ezell aliipokea. Akakata kipande kikubwa cha mkate wa mahindi, akajaza mdomo mpaka mashavu yakafura.

Wimbo ulikwenda bila besi. Ulikwenda hatua chache kama meza iliyotolewa mguu, gitaa likatafuta pa kukanyaga, dramu ikapunguza, kila kitu kikafa. Lyle alibaki na kidole juu ya waya. "Ezell?" alisema. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtoto, na Ezell, ambaye alimpenda, akatafuna.

Mista Dub alitoka kwenye chumba chake. Alikuja mpaka katikati ya studio, akaongea polepole, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alitaka kila mmoja aone wema wake. Alisema amekula na Ezell miaka sita. Alisema Ezell alikuwa mtu wa tanuri, na yeye ndiye aliyemtoa. Alisema mambo yanaweza kwisha hapa hapa, Ezell aweke sahani chini tu, wamalize wimbo wa mgeni.

"Lakini ukiimaliza hiyo sahani umesimama kimya hivyo," alisema, "kesho usijisumbue kuja."

Bi Corinne alivua vidude vya masikioni, akavuta kiti, akaketi akiwa ameupa mgongo mlango wa chumba cha vioo. Alikuwa anamtazama Ezell, mguu wake, mdomo wake, kama mtu aliyefika kwa safari ndefu akiwa na anwani mkononi na sasa anasoma namba ya nyumba.

Ezell alikula. Alikula kuku, akala majani ya haradali, akapangusa mchuzi kwa kipande cha mwisho cha mkate. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Watu walimngoja, na Lavada alihesabu moyoni yote atakayoyapoteza, akaona ni mengi, na akaogopa sana kwamba amekosea.

Sahani ilipokwisha kabisa, Ezell alimnyooshea mkewe.

"Niongeze maharage," alisema.